ALJEBRA NI KUUNGA KILICHOVUNJIKA: KUTOKA BAGHDAD HADI SIMU YA KIJANA WA CHIWANDA



Ndugu zangu, somo la leo ni refu kidogo na lina hesabu ndani yake. Usikimbie. Tafuta kivuli, kaa, usome taratibu. Mwenye mtoto wa sekondari amwite wasome pamoja.

Nilikuwa Chiwanda, huku kwetu mwambao wa Nyasa. Baada ya Alasiri akanijia kijana wa kidato cha tatu, simu mkononi, uso umekunjamana. Baba yao amefariki. Jina silitaji, na mambo yao mengine nayaacha. Warithi ni wawili tu, yeye na kaka yake. Gharama za mazishi zimeshatolewa, wasia hakuna. Nyavu na mtumbwi vimeuzwa, zimepatikana shilingi 1,000,000 taslimu. Lakini kaka mtu alikuwa na deni kwa marehemu, shilingi 600,000, na mwenyewe analikiri.

Kaka kaingiza kwenye simu: milioni moja, watoto wa kiume wawili. Simu ikajibu: kila mmoja 500,000. Akasema, "Mashine imeshasema, basi."

Kijana akaniambia, "Ustadh, najua hii si sawa, lakini siwezi kuonyesha. Nimejaribu kwa aljebra ya shuleni, nikapata kaka achukue 800,000 mimi 200,000! Imekuwa mbaya zaidi."

Nikamwomba daftari. Mlinganyo wenyewe alikuwa ameuandika vizuri kabisa. Fedha taslimu atakayopewa kaka aliiita x. Yeye mdogo atapata kinachobaki, yaani 1,000,000 − x. Na kwa kuwa kaka tayari anazo 600,000 za baba, haki yao ikiwa sawa ni lazima:

1,000,000 − x = 600,000 + x

Kosa lilikuja wakati wa kupanga upya. x ya kushoto aliihamishia kulia vizuri. Ile 600,000 ikavuka kwenda kushoto bila kubadilishwa alama. Ikawa 1,600,000 = 2x, x ikawa 800,000. Alama moja ndogo, ndugu zangu, na mwenye deni kapewa fungu la asiye na deni! Nikamuuliza, "Kwa nini alama hubadilika?" Akajibu, "Tumefundishwa hivyo, likivuka daraja la sawasawa linabadilika." Kwa nini? Hajui.

Swali lake hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Maana kanuni hiyo ina historia, na historia yake inaanzia katika mirathi.

*1. BAGHDAD, MIAKA 1,200 ILIYOPITA*

Khalifa al-Ma'mun alitawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Katika zama zake aliishi Baghdad mwanachuoni aitwaye Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, Allah amrehemu, ambaye jina lake linatokana na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Alifanya kazi katika mazingira ya Bayt al-Hikma, nyumba ya elimu, na akaandika kitabu cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala.

Tuseme kweli, maana muumini hadai kisicho chake. Watu walitafuta namba zisizojulikana kabla yake. Wababeli walifanya, Wagiriki walifanya, Wahindi walifanya. Alichokileta al-Khwarizmi ni kuipanga kazi hiyo iwe elimu inayosimama yenyewe: maumbo sita ya milinganyo, na njia ya kulifikisha kila swali kwenye mojawapo ya maumbo hayo. Njia hiyo ni kupanga upya.

Miondoko yake mikuu ni miwili, na majina yake tunayo mpaka leo katika ndimi zetu.

Al-jabr ni kuunga, kurudishia kilichopunguka. Mwarabu hulitumia neno hilo kwa mfupa uliovunjika ukaungwa. Nawe unalisema kila siku, kati ya sijda mbili, unapomwomba Allah akuunge pale ulipovunjika. Katika hesabu, upande mmoja ukiwa na kitu kilichotolewa, unakirudishia, na upande wa pili unauongezea kiasi kile kile. Mfano wake mwenyewe, kwa alama zetu za leo, ni x² = 40x − 4x². Kulia pamepunguka 4x². Zirudishie, na kushoto ongeza 4x². Unapata 5x² = 40x.

Al-muqabala ni kukabilisha. Mswahili husema "nyumba yangu iko mkabala na msikiti", mzizi ni ule ule. Vitu vya aina moja vikikaa pande mbili, unavikabilisha, unaondoa kiasi sawa huku na huku. Mfano wake: 50 + x² = 29 + 10x. Ondoa 29 pande zote, unabaki na 21 + x² = 10x.

Umeona? Hakuna kilichovuka daraja! Kila mara ni pande zote mbili zinatendewa jambo moja.

Wa mwambao tuna mfano wetu. Mtumbwi umesheheni magunia ya muhogo, kushoto na kulia uzito sawa, umetulia. Chukua gunia la kushoto ulihamishie kulia, utaona kama hamtaogelea! Lakini shusha gunia moja kushoto na moja lililo sawa nalo kulia, mtumbwi unabaki umetulia. Gunia "halivuki". Linashushwa pande zote. Ile alama "inayobadilika" ni alama ya gunia lililoshushwa upande wa pili.

Sasa rudi kwenye daftari la kijana:

1,000,000 − x = 600,000 + x

Al-jabr: ongeza x pande zote. 1,000,000 = 600,000 + 2x.
Al-muqabala: ondoa 600,000 pande zote. 400,000 = 2x.
Gawanya pande zote kwa 2. x = 200,000.

Kaka apewe 200,000 juu ya zile 600,000 alizonazo, jumla 800,000. Mdogo apewe 800,000. Haki imesimama.

*2. MWANA MWENYE DENI KATIKA KITABU*

Nilipomwambia kijana kwamba swali lake limo katika kitabu cha al-Khwarizmi, alidhani namtania. La hasha. Sehemu kubwa ya kitabu kile ni wasia na mirathi, na humo lipo swali la mtu aliyekufa akaacha watoto wawili wa kiume. Kaacha dirham 10 taslimu, na mmoja wa watoto anadaiwa dirham 10. Juu ya hayo, ameusia theluthi ya mali kwa mtu baki.

Hili ni gumu kuliko la Chiwanda. Ukijumlisha haraka ukapata 20, theluthi ni 6 na theluthi mbili. Mtu baki apewe hizo, na mwana asiye na deni apewe hizo hizo, jumla 13 na theluthi. Lakini mkononi kuna 10 tu! Tuchukulie mwenye deni hana cha kulipia isipokuwa fungu lake la urithi. Basi katika deni litahesabiwa lile fungu tu, na fungu lenyewe halijulikani mpaka mali ijulikane.

Al-Khwarizmi anakiita kiasi hicho "kitu". Mali inakuwa 10 na kitu. Toa theluthi ya wasia, gawa kilichobaki kwa wawili, kila mwana anapata theluthi ya 10 na theluthi ya kitu. Na fungu hilo ndilo kitu chenyewe. Kwa alama zetu:

x = (10 + x)/3

Zidisha pande zote kwa 3: 3x = 10 + x. Ondoa x pande zote: 2x = 10. Kitu ni 5. Mtu baki 5, mwana mmoja 5, na mwenye deni anakatiwa 5 katika deni lake. Zile 10 za taslimu zimetosha bila kupunjwa mtu. Kilichobaki katika deni ni suala la peke yake, si la leo.

Zingatia, yote hayo aliyaandika kwa maneno matupu. Herufi zilikuja baadaye sana. Mwaka 1145, huko Segovia, Hispania, Robert wa Chester alikitafsiri kitabu kwa Kilatini, na neno al-jabr likaingia Ulaya likawa aljebra. Jina la al-Khwarizmi lenyewe likageuka kuwa algoriti, yaani mpango wa hatua kwa hatua, ambao leo ndio moyo wa kila kompyuta. Mwaka 1591 Mfaransa François Viète akapanga matumizi ya herufi, na mwaka 1637 Descartes akazizoesha x, y na z kuwa alama za visivyojulikana.

Hapa nitoe tahadhari. Kuna ujumbe unasambazwa sana kwamba x imetokana na neno la Kiarabu shay', yaani kitu. Ni hadithi tamu, ila ushahidi wake hautoshi. Tusisambaze. Al-Khwarizmi ana sifa za kweli za kumtosha.

*3. MASHINE INAFUNDISHWA KUPANGA*

Kompyuta za mwanzo zilikuwa za namba tu. Uipe 7 mara 8, ikupe 56. Lakini x ambayo haijulikani, kompyuta itaifanyaje?

Mwaka 1958, katika chuo cha MIT Marekani, John McCarthy alianza kutengeneza lugha ya kompyuta iitwayo LISP, inayoshughulika na orodha za alama badala ya namba peke yake. Kwa lugha hiyo, mwaka 1968 wenzake hapo hapo MIT wakaanza programu kubwa ya aljebra iitwayo Macsyma.

Siri yake waielewa tayari. Shuleni tulifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kompyuta nayo huuvunja kila usemi wa aljebra kwa utaratibu wa aina hiyo na kuuweka kama mti. Kwa 2 + 3x, shina ni kujumlisha, tawi moja ni 2, tawi la pili ni kuzidisha lenye matawi 3 na x. Kupanga upya ni kukata tawi hapa na kulipachika pale kwa kanuni isiyobadili thamani: kufungua mabano, kukusanya vinavyofanana, kuandika kwa vigawo.

Programu hizo zilikuwa za wenye uwezo. Ndipo nimtaje mtu mmoja, William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas. Tangu mwaka 1982 alikuwa akiitunza nakala moja ya Macsyma. Mwaka 1998 akapata ruhusa ya kuitoa bure kwa watu wote, ikajulikana kwa jina la Maxima. Mwaka 2001 akafariki. Programu yake bado inatumika dunia nzima, na mwanafunzi wa popote aweza kuichukua bila kulipa senti.

Lakini Macsyma na mfano wake zilikuwa na shida moja kwa mwanafunzi. Unaandika amri, jibu linatoka. Hatua za katikati huzioni. Ni kama ile simu ya kaka: "500,000, basi."

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikatoka programu iitwayo Theorist, ya kompyuta za Macintosh. Humo mtu aliweza kushika sehemu ya mlinganyo kwa kipanya, akaiburuta, na mashine ikapanga upya kwa kanuni huku yeye anaangalia. Mwaka 2012 ukatoka mchezo wa DragonBox kutoka Norwei, alioshiriki kuubuni mwalimu wa hisabati Jean-Baptiste Huynh. Skrini ina pande mbili, na ukiweka kadi upande mmoja, mchezo hauendelei mpaka uweke kama hiyo upande wa pili. Watoto wadogo wanafanya al-jabr bila kujua jina lake! Baadaye ikaja Graspable Math ya David Landy na Erik Weitnauer, ambapo unaburuta kwa kidole na alama inageuka mbele ya macho yako.

*4. HAPA KWETU AFRIKA MASHARIKI*

Msidhani haya ni ya mbali. Katika Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi ya Kenya, walimu wa hisabati walikuwa na tatizo mnalolijua: darasa kubwa, mwalimu mmoja, madaftari hayasahihishiki kwa wakati. Mwaka 2019 wakaanza kutumia mfumo uitwao STACK, ulioanzishwa Uingereza na Chris Sangwin. Ndani yake, inayofanya kazi ya aljebra ni ile ile Maxima ya Schelter.

Inasahihishaje? Mwanafunzi anaandika usemi wake. Mashine inachukua jibu la mwalimu, inatoa la mwanafunzi, inarahisisha. Ikibaki sifuri, yana thamani moja. Kisha inauliza swali la pili: je, umbo ndilo lililotakiwa? Akiambiwa aandike kwa vigawo akaleta x² + 5x + 6, ataelezwa kuwa thamani ni sahihi, ila umbo linalotakiwa ni (x + 2)(x + 3). Anajaribu tena hapo hapo. Na kila mmoja aweza kupewa namba zake, kwa hiyo kunakili kwa jirani hakumsaidii.

Kwa nini umbo lina maana kama thamani ni ile ile? Kwa sababu kila umbo hudhihirisha jambo lake. x² + 5x + 6 inakuonyesha mara moja kuwa x ikiwa 0 jibu ni 6. (x + 2)(x + 3) inakuonyesha mara moja kuwa x ikiwa −2 au −3 jibu ni 0. Ndiyo maana al-Khwarizmi alihangaika na maumbo sita. Kupanga upya ni kuugeuza ukweli ule ule mpaka uso unaouhitaji ukutazame.

Watoto wetu wanaihitaji nafasi ya namna hii. Hisabati ndilo somo linaloangusha wengi mtihani wa kidato cha nne. Mtoto aliyejifunza magazijuto kwa Kiswahili anaingia sekondari anakuta maneno yote yamebadilika, kisha anakaririshwa "likivuka linabadilika". Akose asikariri?

*5. MASHINE IWE SHAHIDI, ISIWE KADHI*

Sasa tahadhari mbili, halafu tumalize.

Ya kwanza. Rudi kwa 5x² = 40x. Gawanya pande zote kwa 5, unapata x² = 8x. Wengi watagawanya tena kwa x, wapate x = 8. Al-Khwarizmi alitoa 8, na kwake ilikuwa sahihi kwa sababu alikuwa akitafuta mali iliyopo. Lakini kwa mwanafunzi wa leo, x = 0 nayo ni jibu! Sifuri mara sifuri ni sifuri, na nane mara sifuri ni sifuri. Ulipogawanya kwa x ulidai bila kusema kwamba x si sifuri, na jibu moja likatoweka kimya kimya, kama mrithi aliyesahauliwa kwenye kikao. Hata programu kubwa nyingi, ukiziandikia x/x zinakurudishia 1 bila kukukumbusha sharti hilo. Anayejua hatua atauliza. Asiyejua atasaini.

Ya pili. Mwaka 1968, mwaka ule ule Macsyma ilipoanza, mwanahisabati Daniel Richardson alithibitisha jambo zito. Ukishachanganya humo vitu kama sine, vipeo na thamani halisi, haiwezekani kuwa na algoriti moja itakayoweza kuamua kila mara kama usemi fulani ni sawa na sifuri. Halikutegemea udogo wa kompyuta za zama zile. Hata ya kesho haitaweza. Mashine ina mpaka wake, na mpaka huo umethibitishwa kwa hisabati yenyewe.

Na juu ya yote, mashine hujibu ulichouliza. Simu ya kaka haikukosea! Milioni moja kwa wawili ni 500,000 kila mmoja. Aliyekosea ni aliyeficha deni katika swali. Hakuna programu duniani itakayoweka kwenye mlinganyo mali uliyoiacha nje.

Basi kijana na kaka yake tuliwakalisha pamoja, chini ya mwembe, simu katikati. Nikamwambia mdogo, "Andika mlinganyo wote, na deni ndani." Kisha, "Usiiambie ikupe jibu. Iambie iongeze x pande zote." Ikaongeza. "Iondoe 600,000 pande zote." Ikaondoa. Kaka alikuwa akifuata kwa kidole. Ilipofika 400,000 = 2x akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hapo sina la kupinga. Nimeona kila hatua." Akahesabu 800,000 akamkabidhi mdogo wake.

Ndugu zangu, tuchukue faida tatu:

1. Katika mirathi na katika hesabu yoyote ya watu, usikubali jibu lisiloonyeshwa njia. Mwambie mwenye simu, "Nionyeshe hatua."

2. Mzazi, mtoto akishika simu, muulize kama ameona programu za aljebra za kuburuta, au Maxima. Nyingine ni za bure. Bando lile lile la kutazamia video litamtosha.

3. Mwalimu, mwambie mtoto ukweli: hakuna kinachovuka daraja. Tunaongeza au tunaondoa pande zote mbili, na hakuna upande unaodhulumiwa.

Jina la elimu hii ni kuunga. Siku ile iliunga hesabu, na ikaunga ndugu wawili.

Allah atunufaishe kwa tuliyojifunza na atulinde na kula haki ya mwenzetu hata kwa alama moja. Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzio.